Barua kwa mwanangu: bahasha iliyo juu ya friji

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kwenye basi natoka kazini, mara ya pili nimeshavua viatu na chai iko mezani. Unasema kazi ya ukalimani pale hospitali umeiacha mwisho wa Oktoba, sasa unajitegemea, na bima ya meno imeondoka pamoja na kazi. Umenitumia mipango mitatu ya bima ya meno ya kujinunulia, halafu ukaniuliza: "Mama, nichukue upi? Au niache kabisa, hizo pesa niwe naziweka?"

Kabla sijakujibu, nami nina swali. Lile gego la chini kushoto, lililozibwa ukiwa sekondari, linasemaje? Mwaka jana uliniambia daktari amelitazama kwenye picha akasema sehemu iliyozibwa imekuwa kubwa kuliko jino lenyewe, na halitakaa sana kabla ya kutaka kofia, yaani kifuniko cha kuvika jino zima. Kwenye ujumbe wako hukulitaja hata kidogo. Umenipangia bei za mwezi kama bei za mafungu ya nyanya, dola 24, dola 58, dola 12, na mdomo wako ukausahau nje ya hesabu. Sikulaumu. Miaka 14 nakaa kwenye dirisha la mapokezi ya kliniki ya meno hapa Columbus, Ohio, na kila anayeniuliza habari za bima huanza na bei ya mwezi.

Bima ya meno, babangu, imefanana na bima nyingine kwa jina tu. Bima ya gari inakungojea upatwe na balaa. Vidogo unajilipia, likija kubwa inalibeba. Ya meno ni kinyume chake. Kusafisha, kupimwa na picha inalipa yote. Kuziba jino hulipa kama asilimia 80. Kofia, daraja (jino la kuziba pengo, linaloshikiliwa na meno ya jirani) na meno ya bandia, ambazo wao huziita kazi kubwa, hulipa nusu. Halafu kuna kikomo cha mwaka, na kikomo hicho ni chao, si chako. Wakishalipa dola 1,000 au 1,500 kwa ajili yako, wameaga mpaka mwaka mwingine, na yote yanayobaki ni ya mfuko wako. Hiyo dola 1,000 ilikuwa kikomo cha kawaida tangu miaka ya 1970, wakati ilikuwa pesa ya maana. Kofia ya jino imepanda bei tangu hapo, nyumba imepanda, hata mayai yamepanda. Kikomo kimesogea kidogo sana.

Kuna jambo moja nalipenda katika historia yake, na babu yako angelipenda zaidi, yeye aliyebeba magunia Kilindini mpaka bega moja likawa chini ya jingine. Mipango hii ya meno ilipata nguvu hapa Marekani mwaka 1954, pale chama cha makuli wa bandari za pwani ya Pasifiki kilipotaka watoto wa wanachama wake watibiwe meno, na madaktari wa California, Oregon na Washington wakaunda mashirika ya kuwahudumia. Kwa hiyo tangu mwanzo ni kitu cha kikundi cha wafanyakazi, wengi wazima wakiwachangia wachache wenye maumivu. Anayenunua peke yake, kama wewe sasa, ni mtoto wa kambo. Kampuni inakushuku kwamba unanunua mwavuli kwa sababu mvua imeshaanza, na mara nyingi shuku yao ni ya kweli. Ndiyo asili ya muda wa kungoja: miezi sita kwa kuziba, kumi na miwili kwa kofia.

Haya, mipango yako. Wa dola 24 una kikomo cha dola 1,000, na kazi kubwa ungoje mwaka mzima. Wa dola 58 umeandikwa kwa herufi nene kwamba hakuna kungoja. Shuka chini uone herufi ndogo: kazi kubwa wanalipa asilimia 20 mwaka wa kwanza, na hiyo nusu utaiona mwaka wa tatu. Huko nako ni kungoja, ila kumevaa kanzu nyingine. Wa dola 12 si bima kabisa. Ni kadi ya punguzo, haimlipi daktari hata senti. Alikuja mzee mmoja Mkongomani, akaniwekea kadi ya namna hiyo juu ya kaunta, ameifuta vizuri na kitambaa, akaniambia, "Mama, mimi niko na bima." Jino lilikuwa limemvimbisha shavu. Ilibidi nimweleze kwa Kiswahili, polepole, kwamba alichonunua ni haki ya kupunguziwa bei. Hakugomba. Aliirudisha kadi kwenye pochi na kuuliza kung'oa ni pesa ngapi.

Chukua kalamu. Tuseme gego lako linafanyiwa kofia kabla Februari haijaisha, yaani miezi minne ya malipo tukihesabu na Novemba hii. Ile karatasi ya makadirio uliyonitumia mwaka jana ninayo bado: bei ya kliniki ni dola 1,500, bei ya mkataba kwa aliye ndani ya mtandao, yaani kundi la kliniki zilizokubaliana bei na kampuni ya bima, ni 1,200. Mpango wa kwanza: dola 96 za bima, na kofia unalipa yote 1,200, jumla 1,296. Wa pili: dola 232 za bima, kwenye kofia unatoa kwanza 50 zako, zile unazolipa kabla bima haijaanza kulipa, wao wanalipa asilimia 20 ya zinazobaki, unabakiwa na 970, jumla 1,202. Kadi: wanakutoza mwaka mzima, 144, na kwa punguzo la robo kofia inakuwa 1,125, jumla 1,269. Umeona zilivyokaribiana? Umekesha usiku kucha unachagua kati ya vitu ambavyo kwa jino lako ni kitu kimoja.

Sasa nenda jikoni. Ile bahasha nene uliyoniambia imekuja kutoka kazini, ukaiweka juu ya friji kwa kuwa "ni makaratasi ya kuacha kazi tu", iteremshe. Ndani, kama sikosei, kuna karatasi za COBRA. Jina linatisha kama swila. Ni sheria ya mwaka 1985 inayomruhusu mtu aliyeacha kazi kwenye kampuni ya watu 20 au zaidi kuendelea na bima ileile kwa miezi 18, ila sasa analipa yeye mwenyewe sehemu yake na ya mwajiri, na asilimia mbili juu ya gharama. Kwa bima ya matibabu inauma kweli, ndiyo maana watu huitupa bahasha bila kuifungua. Lakini kama bima ya meno ilikuwa mpango wake peke yake, unaweza kuchukua hiyo ya meno na kuacha ya matibabu. Uliwahi kuniambia ya meno kwa jumla ilikuwa kama dola 40 kwa mwezi. Weka asilimia mbili, sema 41. Hakuna kungoja, kwa sababu ni bima ileile inaendelea, na kofia inalipa nusu. Miezi minne ni 164. Kwenye kofia unatoa 50, zinabaki 1,150, wanalipa 575, wewe 625. Jumla dola 789.

Jibu langu ndilo hilo, mwanangu: katika mitatu uliyonitumia usichukue hata mmoja kwa sasa. Una siku 60 za kuamua, zinahesabiwa tangu bima ilipokatika au tangu ulipopewa ile taarifa, ipi imekuja baadaye, na ukikubali inarudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Ukishamaliza na gego unaacha kulipa, inajifia. Hakuna anayekufunga.

Na ile hoja ya kuweka pesa mwenyewe si ya kijinga, nisikudanganye. Mtu mwenye meno mazima, anayesafishwa mara mbili kwa mwaka na hana jino linalomtishia, mara nyingi akijilipia anatoka sawa na aliyekata bima. Nimewaambia hivyo wateja wengi, kwa sauti ya chini. Wewe si huyo mtu, angalau mpaka Machi.

Ukishaamua, piga simu kliniki. Usiulize "mnapokea bima hii?" Watakujibu ndiyo. Kupokea maana yake watakupelekea tu madai yako kwa kampuni ya bima. Kliniki karibu yoyote hufanya hivyo, halafu tofauti ya bei inakurudia wewe. Uliza: "Mko ndani ya mtandao wa mpango huu?" na uwatajie jina la mpango lote, si la kampuni peke yake, kwa sababu kampuni moja huwa na mitandao miwili mitatu. Orodha ya kwenye tovuti usiiamini. Jina la daktari wetu mmoja aliyestaafu lilikaa kwenye orodha kama hiyo karibu miaka miwili. Halafu waombe watume makadirio kabla ya kazi. Namba ya kofia ya kauri ni D2740, waambie hivyo hivyo, watajua unazungumza nao kwa lugha yao. Jibu likirudi utaona kwa maandishi wao wanatoa ngapi, na hakuna atakayekushtua mezani.

Daktari akifungua akakuta uozo umefika kwenye mshipa, itabidi mzizi utibiwe kwanza. Usiogope, ila jipange: mzizi Desemba, kofia Januari, kama daktari anaona jino linaweza kungoja. Kikomo cha bima yenu kinaanza upya Januari, kwa hiyo gharama inagawanyika kwenye vikomo viwili. Na pesa zikikataa kabisa, panda treni ya Lowell mpaka North Station, kituo cha Boston. Boston ina vyuo vitatu vya udaktari wa meno, Tufts, Boston University na Harvard, na wanafunzi wao wanatibu chini ya macho ya walimu kwa bei nafuu. Wanachelewa. Chukua kitu cha kusoma, na usipange kazi ya ukalimani mchana huo.

Baada ya hapo ndipo utafute bima yako mwenyewe. Zinazouzwa na kampuni moja kwa moja kwa kawaida hununuliwa mwezi wowote, kwa hiyo usikimbizwe na matangazo. Ule wa dola 24 nitauunga mkono wakati huo, ila kwanza ipigie kampuni simu na uwaambie una barua ya kuonyesha ulikuwa na bima bila kukatika. Kampuni kadhaa hufuta muda wa kungoja kwa barua hiyo. Ndiyo sababu nyingine ya kutoiacha ya zamani ikatike sasa. Angalia kama wanasema kusafisha "mara mbili kwa mwaka" au "kila baada ya miezi sita"; kwenye hiyo ya pili ukienda siku moja mapema unalipa mwenyewe. Angalia kama kwa magego wanalipa bei ya kuziba kwa madini hata ukizibwa kwa nyeupe. Na kwa kuwa sasa umejiajiri, malipo ya bima iliyo kwa jina lako unaweza kuyakata kwenye kodi kama biashara ina faida. Mwulize anayekutengenezea hesabu.

Hapo kwenu mna bahati moja tusiyo nayo Ohio. Novemba 2022 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha kwamba kampuni ya bima ya meno itumie angalau senti 83 za kila dola ya malipo kwa matibabu, la sivyo irudishe ziada. Imeanza 2024. Tulipozisikia habari hizo kliniki, daktari wetu alipiga makofi peke yake katikati ya korido, na mgonjwa akiwa amefungua mdomo chumbani anamngoja.

Mengine yote utayasoma, lakini kifungu kimoja kitafute kwa kidole, cha jino lililokosekana kabla ya bima kuanza. Mimi kilinikuta mwaka mmoja kabla sijaingia kazi hii. Gego langu la kulia lilikuwa limeng'olewa Mombasa, nikakata bima hapa, dola 32 kwa mwezi, nikangoja miezi yangu kumi na miwili kwa adabu, dola 384, nikaenda kuomba daraja. Barua ilirudi na sentensi moja: jino halikuwepo siku bima ilipoanza. Jino la pembe si dawa ya pengo, wahenga walisema, na kampuni ile ilikubaliana nao neno kwa neno. Pengo ninalo mpaka leo, ndiyo maana natafuna karanga upande mmoja na nyinyi mkinicheka.

Kesho natoka mapema. Saa mbili usiku nipigie kwa video, bahasha iwe mkononi, tuifungue pamoja. Na hilo gego, usilitafunie barafu.

Mama yako