Reli ya Kati juu ya rafu: jibu langu kutoka Tabora

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili kuhusu kujenga reli ndogo ya mfano nyumbani: kwanza, kama meza ya futi 8 kwa 4 uliyochongewa inatosha kuweka Stesheni ya Tabora pamoja na njia zake tatu, ya Dar es Salaam, ya Mwanza na ya Kigoma, pili, kama uanze na kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kiwe kidogo mara 87 kuliko halisi, kwa kuwa ndicho chenye vifaa vingi madukani huko nje. Nina miaka tisa katika uraibu huu hapa Tabora, nimebomoa ubao mmoja mzima na wa pili bado naujenga, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Naanza na jibu ambalo huenda usilipende: meza hiyo haiitoshi Tabora, wala mimi sijaona meza ya nyumbani itakayoitosha.

Fanya hesabu kabla ya kununua hata msumari. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 400. Ukizigawa kwa 87 unabaki na zaidi ya kilomita nne na nusu za njia, na ukizigawa kwa 160, kipimo kidogo zaidi, bado zinakuzidi kilomita mbili na nusu. Umbali, basi, tuusahau. Hata treni yenyewe haikai mezani: mabehewa 20, kila moja likiwa na mita 12 hivi, ni mita 240, ambazo katika kipimo cha 1:87 zinakuwa mita 2.76, ilhali meza yako ina mita 2.44 kutoka ukingo hadi ukingo. Kazi kubwa katika uraibu huu, kwa maoni yangu, ni kuamua nini kiachwe nje ya ubao, nayo hufanyika kwa penseli na karatasi kwa wiki kadhaa kabla ya msumeno kuguswa.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa Tabora hiyo hiyo unayoitaka. Nilikulia jirani na reli, marehemu baba alikuwa fundi wa mabehewa, na niliona ni heshima kuanza na nyumbani. Nikabana njia tatu, karakana, majukwaa na ghala katika meza inayokaribiana na yako. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: kichwa cha treni kilikuwa kimekwisha kuingia Dar es Salaam na behewa la mwisho bado halijatoka jukwaani. Baada ya wageni kuona treni ikizunguka mara tatu, walianza kuulizia chai.

Ubao wa pili ni Kigoma, na ningekushauri nawe uitazame. Kigoma ni mwisho wa reli. Treni huingia kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo unaweza kujenga juu ya rafu nyembamba iliyo kando ya ukuta. Yangu ina upana wa sentimita 45 na urefu wa mita tatu na nusu, pamoja na sehemu iliyofichwa nyuma ya kilima ambako treni husubiri zikijifanya ziko Uvinza au Kaliua. Stesheni iko bondeni, mji unapanda kilima, bandari iko jirani, na ziwa linakupa ukingo wa mbele usiohitaji nyumba wala miti. Halafu kuna kazi ya kufanya. Injini iliyofika na mabehewa yake imejifungia mwisho wa njia. Lazima ikatwe, isogee mbele, ipite njia ya pembeni, irudi nyuma ya mabehewa na kuyashika kutoka upande wa pili kabla ya safari ya kurudi. Ukiongeza mabehewa mawili ya mizigo ya kupeleka gatini, kushanti huko, yaani kusukuma na kupanga mabehewa, peke yake kunaweza kukuchukua nusu saa nzima, na hakuna mzunguko wowote uliohusika.

Sasa kuhusu kipimo. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina geji, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli, ya milimita 1,000. Njia za kawaida za HO, yaani 1:87, zina upana wa milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata takribani milimita 1,435, ambayo ni geji ya SGR, reli yetu mpya. Njia za N, yaani 1:160, zina milimita 9, na hesabu inakuleta pale pale, milimita 1,440. Kwa hiyo anayetaka kujenga SGR anaweza kutumia HO au N bila kusumbuka, lakini anayetaka reli ya zamani akitumia njia hizo atapata treni inayosimama kama mtu aliyetanua miguu. Vipo vifaa vya HOm vyenye njia ya milimita 12, vilivyokusudiwa hasa kwa geji ya mita, ila ni ghali na vingi vimefuata mfano wa reli za milimani za Uswisi. Njia niliyoichagua mimi ni kipimo cha 1:120 juu ya njia ya milimita 9. Hapo geji inakuwa sawa na milimita 1,080, zidio ambalo jicho halilitambui, na unaweza kununua chasisi za N zilizokwisha kutumika, ambazo hupatikana kwa bei nafuu, kisha ukazijengea mabodi yako mwenyewe kwa plastiki nyembamba ya mafundi wa mabango. Mtaalamu atakayeinama kuhesabu magurudumu ya injini zangu atanikamata. Hadi leo hajafika.

Jambo moja la njia hizo za N: mataruma yake, vile vipande vinavyokingama chini ya reli, yamesongamana mno kwa kipimo cha 1:120. Nilikata vibanzi vya plastiki vinavyoyaunganisha kwa chini, nikayatenganisha hadi milimita 6 hivi kutoka katikati ya taruma moja hadi katikati ya jingine, kisha nikayapaka rangi ya kutu, kwa sababu sehemu kubwa ya reli yetu ya zamani ililazwa juu ya mataruma ya chuma. Kazi hiyo inachosha kuliko zote, na ndiyo iliyobadilisha sura ya ubao kuliko zote.

Kuhusu mbao nitakaa kidogo, kwa maana hapo ndipo nilipopata hasara. Fremu ya ubao wa kwanza niliitengeneza kwa mbao za paini zilizokuwa bado mbichi, nilizonunua wakati wa masika kwa sababu zilikuwa rahisi. Kufika Septemba, jua la Tabora lilikwisha kuzikausha, zikasinyaa na kupinda, na reli, ambayo ni chuma na haisinyai pamoja na mbao, ikakosa pa kwenda ikajikunja kama nyoka katika sehemu mbili. Nililaumu joto kwa muda mrefu, nikawa naacha nafasi kubwa kubwa kati ya vipande vya reli, na tatizo halikuisha. Chuma cha reli zetu ndogo, kwa urefu wa meza yako na kwa tofauti ya nyuzi 15 za joto, hakirefuki hata milimita moja. Aliyekuwa akitembea ni ubao. Fundi seremala mmoja wa mtaani ndiye aliyenifungua macho, akanipa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya vitanda. Mninga uliokauka vizuri hausinyai sana, na moyo wake mchwa hawaupendi. Ukiishi Tabora na usitumie angalau mabaki yake kwenye fremu, unajinyima mwenyewe. Juu ya fremu weka plaiwudi ya milimita 9, uipake rangi pande zote mbili, chini na juu, ili unyevu usiingie upande mmoja na kuikunja.

Mchwa nao waliingia kupitia mguu mmoja uliogusa ukuta. Sikujua chochote mpaka bisibisi ilipozama kwenye plaiwudi kana kwamba ni mkate. Siku hizi kila mguu wa ubao wangu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, na hakuna sehemu ya ubao inayogusa ukuta. Mke wangu halipendi hilo la makopo, na ana haki.

Umeme ni mfupi kueleza. Treni hizi hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, chuma kimoja cha reli kikiwa chanya na cha pili hasi. Mimi natumia betri ya pikipiki inayochajiwa kwa sola, na fyuzi ndogo karibu na betri, kwa sababu betri ikipigwa shoti huweza kuwasha waya moto kabla hujanusa chochote. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Vinalegea na kushika kutu. Chomelea waya kwa risasi kwenye kila kipande cha njia na uushushe chini ya ubao hadi kwenye waya mnene mmoja unaokimbia urefu wote. Tena, kama utaweka kitanzi kinachoirudisha treni ilikotoka, au pembetatu ya kugeuzia injini, jua kwamba chuma cha kushoto kitakutana na cha kulia, nayo ni shoti ya moja kwa moja. Sehemu hiyo lazima ikatwe pande zote mbili, vyuma vyote viwili, na ipewe swichi yake ya miguu sita ya kubadilisha chanya na hasi. Mimi nilijifunza hilo kwa kuunguza kifaa cha kuongozea mwendo siku ya kwanza ya pembetatu yangu. Pointi, yaani sehemu zinazoihamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine, usizifungie mota. Spoku ya baiskeli iliyopita chini ya plaiwudi na kutokeza ukingoni huzisukuma vizuri sana, nayo hupatikana kwa fundi yeyote wa baiskeli.

Adui wa kila siku ni vumbi. Kiangazi cha huku hukuachia tabaka jekundu juu ya reli kwa usiku mmoja, na injini husita na kusimama. Funika ubao kwa shuka kila unapomaliza, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti, na kamwe usiguse reli kwa waya wa kusugulia masufuria: nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na injini hufa. Kwa sababu hiyo hiyo, mchanga unaoutumia kama kokoto za njia upitishie sumaku kwanza. Mimi huutandaza juu ya gazeti na kupitisha sumaku ya spika mbovu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Utashangaa zinavyoirukia zile chembe nyeusi. Baada ya hapo uchekeche kwa kitambaa cha neti, umwage kati ya mataruma, uulainishe kwa maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, ndipo udondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, tone la gundi husimama juu ya mchanga kama shanga na kuubeba.

Mandhari ndiyo sehemu ambayo sisi tuna utajiri. Kilima changu ni stairofomu za kufungia televisheni zilizofunikwa kwa unga wa jipsamu wa mafundi wa dari, na juu yake udongo halisi wa Kigoma, ule mwekundu, uliochekechwa. Nyuzi za katani zilizokatwa fupi ni nyasi za Agosti. Dodoki lililochanwa na kutiwa rangi ya kijani kibichi sana ni majani ya mwembe, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika na kukaushwa ni takataka za chini ya mti. Michikichi ilinishinda mara nne. Ya tano niliitengeneza kwa manyoya ya kuku na ikakubali.

Ziwa ni plaiwudi iliyopakwa rangi, samawati iliyofifia karibu na ufuko na karibu nyeusi ukingoni, juu yake vanishi mikono sita, kila mmoja ukauke siku mbili. Nilitaka kuweka MV Liemba gatini, maana meli ile ina haki kuliko yoyote ya kukaa kando ya reli: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa vipande vipande na kuletwa Kigoma kwa treni, ikaingia majini mwaka 1915. Lakini ina urefu wa mita 71, ambazo katika 1:120 ni sentimita 59. Ni ndefu kuliko treni yangu ya mabehewa manne. Nikajenga sehemu ya mbele tu, sentimita 22, nyingine ikawa imekatwa na ukingo wa ubao kana kwamba imeendelea nje ya picha, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Nikirudi kwenye meza yako: usiitupe. Mrudishie fundi aipasue kwa urefu katikati, upate mbao mbili za futi 8 kwa 2, kisha uziunganishe ncha kwa ncha au uzikunje kufuata pembe ya chumba. Eneo ni lile lile, lakini sasa treni ina futi 16 za kwenda. Stesheni iwe kwenye ubao wa kwanza, sehemu iliyofichwa kwenye wa pili. Nunua injini moja tu, pointi tatu na njia ya kutosha, uziendeshe mwezi mzima juu ya mbao tupu kabla ya kumwaga mchanga. Stesheni halisi ukienda kuipima au kuipiga picha, muone kwanza stesheni masta, umweleze nia yako na kumwonyesha picha ya kazi yako. Mimi nilipokewa vizuri mara zote nilipofanya hivyo.

Kabla fundi hajashika msumeno, hata hivyo, nitumie vipimo vya chumba, na uniambie mlango unafungukia ndani au nje. Wangu unafungukia ndani, nami niligundua hivyo nikiwa nimekwisha kufunga boliti zote, nikiwa upande wa dirishani.