Pacha wawili, tabia mbili: ni damu au ni marafiki?

Swali: Nina pacha wa kiume wa miaka 7, hawafanani sura. Mmoja hushinda gatini na wenzake wakijitosa majini, na juzi alimpiga mtoto wa jirani. Wa pili hujificha nyuma ya buibui langu, na chuoni (madrasani) hana wa kukaa naye. Mamangu asema ni damu. Mume wangu asema ni marafiki. Nani mkweli? – Mama Pacha, Langoni, Lamu

Jibu: Mama Pacha, wote wawili wana haki, ila kila mmoja ameona upande mmoja.

Pacha wasiofanana hutokana na mayai mawili. Urithi wanaoshiriki ni sawa na wa ndugu wowote wa baba mmoja mama mmoja, kwa hivyo usishangae wakitofautiana tabia tangu uchanga.

Lakini jeni, yaani hiyo damu ya kurithi, hazifanyi kazi peke yake. Mtoto mwenye pupa huwafuata wenye pupa wenziwe. Mwenye haya haitwi mchezoni. Asipoitwa, hapati pa kujifunza kugombana na kupatana, na haya zikazidi. Mwisho watu husema "kazaliwa hivyo", kumbe nusu ya safari wamemsukuma wenzake.

Huko Quebec, Kanada, watafiti waliwafuatilia pacha waliozaliwa kati ya 1995 na 1998. Walipofika kama miaka 6, ilionekana kuwa mwelekeo wa kurithi wa kupigana ulijitokeza zaidi kwa wale ambao marafiki wao pia walikuwa wapigaji. Hili hunipa matumaini sana, maana jeni hatuwezi kuzibadilisha, lakini marafiki wa mtoto wa miaka 7 bado wako mikononi mwa mzazi.

Basi huyo wa gatini usimfungie ndani. Wajue anaoruka nao, kisha mtafutie nafasi zaidi na wale ambao wakikasirika husema badala ya kupiga.

Huyu mpole ndiye anayenishughulisha zaidi. Usimtupe katikati ya kundi, wala usimwachie nduguye amsemee. Mwalike mtoto mmoja tu, yule yule, kila wiki baada ya alasiri, na uwape kazi ya mikono, kama kutengeneza tiara. Mikono ikishughulika, maneno huja yenyewe. Na mbele ya wageni usimwite "mwenye haya".

Ikiwa nyumbani azungumza vizuri lakini shuleni hatoi neno kwa zaidi ya mwezi mmoja, usingoje akue. Mpeleke kwa mtaalamu wa watoto.