Jibu: "Amenusurika kifungo" au "amekwepa kifungo"?

Salaam mkuu. Umeuliza kama mtu aliyekimbia nchi kabla ya hukumu anaweza kuandikwa "amenusurika kifungo". Mimi nahariri habari za mahakama na hiyo ningeikata. Angalia kwanza: nani kamtoa hapo? Kama ni bahati au huruma ya hakimu, kanusurika, au kwa lugha ya mtaani kaponea chupuchupu. Kama ni mbinu zake mwenyewe, kakwepa. Ndiyo maana tunasema kukwepa kodi, hakuna anayenusurika kodi. Huyo wako kakwepa. Na kama alikuwa chini ya ulinzi, andika katoroka, basi.

Panapokosewa sana ni "kusamehewa". Msamaha wa Rais, ule wa Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania, ni wa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA, na wenzake waliokuwa na kesi ya ugaidi, tarehe 4 Machi 2022, hawakusamehewa wala hawakukwepa chochote: upande wa mashtaka uliiondoa kesi, kwa hiyo walifutiwa mashtaka. Kuna waliokuwa wanaandika "wasamehewa" (vichwa vya habari vina haraka zake!). Asiyehukumiwa unamsamehe nini?