Maswali ya Mbao: Kabati linatoa unga, meza imepasuka, vanishi imejaa wadudu

Mwezi huu meseji ni nyingi kuliko nafasi, na nyingi zinaanzia mwisho. Watu wanauliza vanishi gani, rangi gani, ing'ae vipi, wakati mbao yenyewe bado ina maji au ina wadudu au miguu inacheza. Hayo ndo ya kuanza nayo, kung'aa kutakuja tu. Nimechagua maswali ambayo najua yanawagusa wengi hapa Mwanza na jirani.

Shikamoo fundi. Nipo Nyegezi, nina kabati la vyombo la mninga alilotuachia baba mkwe. Kila nikifagia nakuta unga chini yake na kuna vitundu vidogo vidogo nyuma na kwenye ubao mmoja wa mlango. Fundi wa mtaani anasema limeshaliwa lote, nimpe alichukue kwa sh 50,000. Ni kweli limekwisha? (Mama wa Nyegezi)

Marahaba mama. Usimpe. Huo unga laini kama poda ni kazi ya bungua, siyo mchwa, maana mchwa angekuachia udongo, ungeona njia za udongo zinapanda ukutani au kwenye mguu wa kabati. Bungua wa aina hiyo anafuata wanga, na wanga upo kwenye ile sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe inayokaribiana na njano iliyo chini ya gome. Moyo wa mninga, ile kahawia yenye wekundu, hana shida nao kabisa.

Sasa chukua tochi, fungua ule mlango uangalie vizuri ubao wenye vitundu. Kwa jinsi ulivyoeleza, nategemea utakuta mstari wa rangi hafifu pembeni mwa ubao, na vitundu vimejaa humo humo kwenye mstari, vinakomea pale kahawia inapoanzia. Ukiona hivyo jua kabati lako ni zima, kilicholiwa ni hicho kimstari ambacho fundi wa zamani hakukikata ili asipoteze upana wa mbao. Na huko nyuma mara nyingi siyo mninga hata kidogo, ni plaiwudi au mbao nyeupe ya bei chee, kwasababu nyuma inaegemea ukuta hakuna anayeona.

Kwanza ujue kama bado wako hai. Fagia unga wote, gongagonga ubao mpaka uishe kutoka, afu tandika karatasi nyeusi chini na uliache kabati bila kulisogeza wiki mbili. Ukikuta unga mpya juu ya karatasi, wapo. Ng'oa hiyo ya nyuma uichome, weka plaiwudi mpya. Ule mstari wa mlangoni ubonyeze kwa ukucha, ukididimia ukate uondoe ugundishe kipande cha mninga mahali pake, na ukiwa mgumu tumia dawa ya wadudu wa mbao (hadwea zipo, omba yenye permethrin au boraksi), vuta kwa bomba la sindano uingize tundu moja moja, rudia baada ya wiki chache. Glavu mkononi, kabati liwe nje, vyombo vyote vimetolewa.

Najua wengi wanapaka mafuta ya taa. Mi siyapendi, yanakauka dawa inaisha, harufu inabaki kwenye vyombo na vanishi inakataa kushika juu yake, na juu ya hapo umejaza kitu cha kuwaka moto ndani ya nyumba.

Baada ya dawa kukauka, paka vanishi na NDANI pia. Huyu mdudu anataga kwenye vinyweleo vya mbao iliyo wazi, na makabati yetu karibu yote yamepakwa nje tu, ndani na chini ya rafu pako wazi miaka yote. Vitundu vizibe kwa unga wa msasa wa mninga huo huo uliochanganywa na gundi nyeupe, rangi haitaachana sana. Ukiwa unapiga msasa vaa barakoa hata kama ni kazi ya nusu saa. Vumbi la mninga linawasha pua na wengine linawaamshia pumu, na vumbi la mbao kwa ujumla IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, ililiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1995. Mama, kabati la mninga mkavu wa miaka hiyo leo ukiagiza jipya utatokwa jasho kwa bei, na inaniuma sana kuona yanaondoka majumbani kwa hela ya kuni.

Kaka habari. Nilitengeneza meza ya kulia ya msonobari mwezi wa nne, upana sm 80, nikagundisha mbao tano afu nikaipigilia misumari kwenye fremu pande zote ili ikae imara. Mwezi wa saba usiku tukasikia mlio, asubuhi nakuta ufa katikati. Gundi ni feki? (Kijana wa Buswelu)

Angalia ufa wenyewe mdogo wangu. Kama kwenye kingo za ufa kuna nyuzi za mbao zimechanika basi gundi ilishika vizuri sana, kilichoshindwa ni mbao. Na sababu umeiandika mwenyewe bila kujua, mwezi wa nne na mwezi wa saba.

Mwezi wa nne huku ni masika, hewa imejaa unyevu, na msonobari unaouzwa mwingi ni mbichi, uwe umetoka shamba la Buhindi kule Buchosa au Sao Hill kule Mufindi, ukipasuliwa leo kesho uko kwenye fuso. Ikifika Juni, Julai mvua hakuna, mbao inatoa maji. Ikitoa maji inasinyaa, ila siyo kwa urefu, kwa urefu haibadiliki kitu cha maana, inasinyaa kwa UPANA. Mbao mbichi ya msonobari ikija kukauka vizuri, meza ya sm 80 inaweza kupungua hata sm 2. Sasa wewe chini umeweka fremu, na mbao za fremu za kule mwisho zinakatisha upana wa meza, zenyewe urefu wao haupungui, afu ukaifunga meza kwa misumari pande zote. Juu inataka kujikusanya, chini imekatazwa. Lazima ipasuke, hata ungetumia gundi ya Ujerumani.

Kurekebisha: ng'oa juu yote, mbao zitenganishe, zipange kivulini penye upepo, kati ya mbao na mbao weka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, juu weka mawe zisipinde. Usizianike juani, zitapasuka ncha. Kujua zimekauka, chagua kipande kimoja ukipime kwenye mzani wa dukani kila wiki, andika gramu ukutani. Wiki ya kwanza zitashuka sana, baadaye kidogo, siku uzito ukigoma kushuka wiki mbili tatu mfululizo hapo mbao imekubaliana na hewa ya nyumbani kwako. Ndo upige randa kingo upya, ugundishe, ubane kwa klampu. Kama huna klampu, mpira wa ndani wa baiskeli uliochanwa vipande virefu ukazungushwa kwa kuvutwa sana unabana vizuri mno, ongeza kipande cha mbao kimoja chembamba kufidia upana uliopotea.

Kwenye kufunga meza juu ya fremu acha misumari. Tumia skrubu kutokea chini, za katikati ya upana zibane kabisa, za pembeni toboa tundu la fremu liwe refu kuelekea kwenye upana wa meza, kama sm 1 hivi, weka washa (kile kibati cha duara chenye tundu katikati), ukaze bila kubana kabisa. Meza itakuwa inatembea yenyewe kila msimu na hutasikia mlio tena. Nikutajie tu kwamba mninga ni moja ya mbao zinazosinyaa kidogo sana, ndo maana meza za wazee zilipigwa misumari ovyo na bado zipo, ila kanuni hiyo usiihamishie kwenye msonobari.

Nipo Kirumba karibu na ziwa. Nikipaka vanishi, kesho yake asubuhi nakuta wadudu wamenata kibao, na mara ya mwisho ikafanya ukungu mweupe. Msaada.

Hao ni wale wadudu wa ziwani wanaokuja mawingu mawingu, wanafuata taa. Inaelekea unapaka jioni baada ya kazi, unaacha taa ya kibarazani inawaka, umewaita mwenyewe. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, umalize mapema kabla upepo wa mchana wa kutoka ziwani haujaanza kupeperusha vumbi, na usiku kazi iwe ndani gizani. Akinata mdudu mwache! Ukimtoa na vanishi ikiwa mbichi unaacha alama ndefu ya kidole na miguu yake inabaki. Subiri ikauke kabisa, pita na msasa namba 320 taratibu, anaondoka na kovu halionekani ukipaka tabaka linalofuata.

Ukungu mweupe ni unyevu ulionaswa ndani, unatokea kwa zile vanishi za kukauka haraka zinazochanganywa na tina (kile kimiminika cha kuyeyushia rangi), siku ya mvua au usiku. Siku ikiwa kavu pulizia tina kidogo sana juu yake, mara nyingi ukungu unafunguka wenyewe. Hakuna haja ya kukwangua yote.

Nina kitanda cha mtoto mchanga cha zamani, cha fito, kina rangi ya mafuta ya kijani iliyobanduka. Nataka kukipiga msasa nikipake upya, mimba ina miezi saba. (Sengerema)

Dada usikipige msasa, na asikipige mtu mwingine ndani ya nyumba unayoishi. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi, kwa macho huwezi kuitambua, na vumbi lake linamdhuru mtoto hata akiwa tumboni, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa kitanda cha kichanga ambaye baadaye atatafuna fito, ushauri wangu ni kukiacha. Mpe fundi vipimo akuchongee kipya cha mbao kavu, nafasi kati ya fito na fito isizidi sm 6 mwili usipenye kichwa kikanasa, kona zote ziwe za mviringo, na rangi iwe ya maji iliyoandikwa haina risasi. Kimalizike mapema ili harufu iishe kabla hujajifungua.

Naanza, nimepanga chumba kimoja Igoma, bajeti ndogo. Ninunue mashine gani kwanza?

Usinunue mashine. Msumeno wa mkono, randa moja, patasi mbili, nyundo, futi, penseli, na jiwe la kunolea zuri kuliko vyote hivyo, kwasababu patasi butu ndo inayokata vidole, unaisukuma kwa nguvu inateleza. Majirani pia watakupenda. Anza na stuli ya miguu minne yenye ulimi unaoingia kwenye tundu, bila msumari hata mmoja. Ukimaliza nitumie picha, ila iwe ya kutokea chini nione viungo.