Kwa wadogo zangu mnaoanza na reli ya Bessemer

Mdogo wangu mmoja katika utafiti kaniletea grafu ya mizigo ya Bessemer and Lake Erie, reli ya Marekani iliyobeba madini ya chuma kutoka bandari ya Conneaut, kwenye Ziwa Erie, kuelekea viwanda vya eneo la Pittsburgh. Januari hadi Machi, mstari unaposhuka, kaizungushia duara jekundu, kando kaandika "mgogoro". Kila mwaka mgogoro! Jamani, Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini yanaganda. Meli za madini haziji Conneaut, na matanuru ya kuyeyushia chuma yanakula shehena iliyorundikwa kabla ya baridi. Nimeona niandike haya kabla hamjanitoa roho.

1. Jina jipya si reli mpya. Shenango and Allegheny iliyofunguliwa 1869 ndiyo iliyokuja kuwa Pittsburgh, Shenango and Lake Erie, na mwaka 1897 ikawa Pittsburgh, Bessemer and Lake Erie. Kisha Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma, akaunda Bessemer and Lake Erie ili iikodi hiyo ya tatu. Kwa hiyo mwenye njia na mwendeshaji wanatembea pamoja vitabuni, karani hakukosea.

2. Madini ya chuma hupimwa kwa tani ndefu, ratili 2,240. Makaa kwa tani fupi, ratili 2,000. Someni kichwa cha safu.

3. Msijumlishe mizigo ya kampuni jirani. Hapa chekeni taratibu, maana yaliyonikuta ni haya. Bessemer haikufika tanuruni. Kwa miaka mingi iliishia North Bessemer, karibu na Pittsburgh, na hapo Union Railroad, ndugu yake wa tumbo moja, ikayapokea mabehewa na kuyashusha Braddock, kwenye kiwanda cha Edgar Thomson, na vingine vya bonde la Monongahela. Mimi nilikuwa na ripoti za mwaka za kampuni zote mbili mezani. Nikajumlisha. Nikapata mzigo wa ajabu, nikajenga juu yake sura nzima ya utafiti wangu, jinsi Carnegie alivyojikomboa na nauli za reli kubwa ya Pennsylvania Railroad. Hoja ilisimama, tarakimu ndizo zilizokuwa hewa: tani moja nimeihesabu ikitoka Conneaut, halafu nimeihesabu tena ikibadilishiwa injini.

Siku ya semina, mzee mmoja mstaafu wa reli akaniuliza kwa upole wa kutisha: "Kijana, madini yote haya waliyayeyushia wapi?" Nikasema Braddock. "Kwa matanuru mangapi?" Nikaanza kupekua karatasi ambazo nilijua kabisa jibu halimo. Msimamizi wangu akageukia dirisha. Badala ya kunyamaza, nikajitetea kwamba mengine huenda yalirundikwa uani. Mzee akasema rundo la namna hiyo lingeonekana toka Cleveland. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na sura ile nikaiandika upya kuanzia mstari wa kwanza.

Anzeni na uzalishaji wa tanuru, mrudi nyuma hadi bandarini.

4. Behewa lililoleta madini kusini liliweza kurudi ziwani na makaa. "Tani zote" si madini yote. Na wewe mwenye duara jekundu, nimeona ulivyounganisha madini na makaa kwenye mstari mmoja. Tutaonana.

5. Bessemer ya Alabama ni mji mwingine kabisa. Msinitumie tena picha zake.

6. Nusu yenu mnafunga daftari mwaka 1901, Carnegie akishauza na kampuni kubwa ya chuma, U.S. Steel, ikishachukua. Madini yaliendelea kupita pale kwa miongo mingi, na kampuni ya reli ya Canadian National ilikuja kuinunua reli hiyo mwaka 2004. Ile karne ya katikati haina mtu. Anayeitaka aje na jedwali lenye safu mbili za tani, ya madini na ya makaa, si moja.