Mbegu ni ile ile, mbona mpunga hautoi masuke?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwaka jana nilisia mpunga wa mbegu ya asili, ukatoa masuke baada ya miezi mitatu. Mwaka huu nimesia mbegu ile ile, ila nilitangulia miezi miwili. Sasa mwezi wa nne tangu nisie unakwisha, mpunga ni mrefu na wa kijani kabisa, lakini suke hata moja sijaona. Mwenzangu anasema mbegu imechoka, niung'oe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Tafadhali usiung'oe! Dalili zote ulizoeleza ni za mpunga unaofuata urefu wa siku, yaani saa za mwanga. Mpunga wa namna hiyo hauhesabu umri, unangoja usiku urefuke. Ukiuwahisha kuusia, unazidi kuota majani tu, kisha unakuja kutoa masuke karibu na tarehe zile zile za mwaka jana.

Wala haihitaji tofauti kubwa. Kule Malacca nchini Malaysia, karibu kabisa na ikweta, siku ndefu na siku fupi hupishana takriban dakika 14 tu. Hata hivyo aina iitwayo Siam 29 iliposiwa Januari ilichukua siku 329 kutoa masuke, na iliposiwa Septemba ikachukua siku 161.

Kipimo kiko kwenye jani. Humo mna jeni iitwayo Hd1, na katika jeni zote ninazozifundisha hii ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote: siku zikiwa fupi huhimiza mpunga kuchanua, zikiwa ndefu jeni hiyo hiyo huuzuia. Kizuizi kikiondoka, jani hutengeneza protini ya Hd3a, nayo husafiri kwenye mishipa ya mmea hadi ncha ya shina, ikaiamuru iache majani ianze suke. Mwanasayansi wa Kisovieti Mikhail Chailakhyan alishasema miaka ya 1930 kwamba lazima kuna kitu kinachotoka kwenye jani. Watafiti wa Japani walikionyesha katika mpunga mwaka 2007.

Kuna nyingine, Ghd7, ambayo nayo huchelewesha masuke siku zikiwa ndefu, lakini wakati huohuo huongeza kimo cha mmea na idadi ya punje kwenye suke. Kwa hiyo kuchelewa si hasara tupu. Kaskazini ya mbali, kama Heilongjiang nchini China, baadhi ya aina zina Ghd7 isiyofanya kazi, na ndiyo maana zinawahi kukomaa kabla ya baridi.

Sasa chukua kisu kikali. Ng'oa shina moja kubwa, lipasue kwa urefu kuanzia chini, uangalie juu ya pingili ya mwisho. Ukiona kincha cheupe chenye manyoya, kirefu kama milimita moja au mbili, hilo ndilo suke lako, na litatokeza nje baada ya wiki tatu hadi nne hivi. Pasua mashina mengine sehemu tofauti za shamba, moja halitoshi.

Mbolea ya kukuzia isubiri mpaka ukione kincha hicho. Ukiiweka sasa utanenepesha majani, na mpunga mrefu kama huo utalala. Msimu ujao sia tarehe za mwaka jana, au ukitaka kuwahi, tafuta aina isiyojali urefu wa siku.