Gamba Likigoma Kutoka, Usilivute

Majira ya baridi yangu ya kwanza na Shaba, nyoka ninayemfuga, hapa Minneapolis, Marekani, nilimvuta gamba hadi akatoka damu. Lilikuwa limemganda mgongoni vipande vipande kama karatasi iliyokaukiwa na gundi, nami nikaona namsaidia. Karibu na mkia ngozi mpya ikachubuka. Bado naikumbuka namna alivyojikunja mkononi mwangu.

Shaba ni Python regius, chatu mdogo anayepatikana porini kuanzia Senegali hadi Uganda. Huko hujificha kwenye mashimo ya ardhini, penye joto na unyevu. Kwangu hita inawaka miezi kadhaa mfululizo, hewa inakauka mpaka midomo yetu inapasuka. Kipima unyevu nilichokuja kukiweka kizimbani mwake kilisoma asilimia 28. Nikaishiwa maneno.

Siku hizi naanza mapema. Macho yakiingia ukungu wa samawati na tumbo likigeuka waridi, simshikishiki, simpi panya. Nachukua boksi la plastiki lenye kifuniko, nalitoboa tundu la kumtosha, natandika ndani tishu za jikoni zilizoloweshwa na kukamuliwa, kisha naliweka upande wenye joto. Unyevu wa kizimba naufikisha asilimia 60 hadi 70, ila sakafu isitote, maana akilalia maji kutwa tumbo huota vidonda. Baadaye macho hung'aa tena, na wengi hapo hudhani mambo yameisha. Bado! Siku chache mbele ndipo anasugua pua kwenye jiwe au gogo, gamba linaachia mdomoni na kupinduka kama soksi.

Likibaki mwilini, mweke kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, yasiyomfunika, dakika 20, nawe usiondoke. Kisha mwache apenye mwenyewe katikati ya taulo bichi.

Gamba likaguliwe kila mara. Nyoka hana kope. Jicho hufunikwa na gamba angavu linalotoka pamoja na mengine. Usipoliona kwenye gamba alilovua, usichokonoe jicho, si kwa ukucha wala kibanio. Ongeza unyevu, na likigoma tena mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka. Ncha ya mkia ndiyo isingoje: pete ya gamba kavu hukaba damu, na ncha hufa.

Juzi alfajiri Shaba alijivua gamba zima. Nimelinyoosha mezani, na macho yote mawili yapo.